Mkono wa Kutu

Kasha lilirudi kutoka bandari ya Trieste asubuhi ileile ambayo wauza samaki walikuwa wakishusha mapipa yao kwenye uwanja wa kanisa. Ctibor, fundi wetu wa kusugua chuma, alilibeba begani hadi chumba cha kufungia vifurushi, akalitua juu ya meza yangu, akavua kofia.

"Karpu wa Krismasi wamefika," alisema, "na maiti yetu nayo imefika. Nani anaanza kulia?"

Hakuna aliyecheka. Tangu serikali ya zamani ianguke na karakana irudishwe kwa familia ya Hlavsa, tulikuwa hatujawahi kurudishiwa kasha.

Mzee Otmar Hlavsa alishuka kutoka ofisini, akang'oa misumari mwenyewe. Ndani zilikuwamo bikari zetu, zile za chuma zenye ncha mbili ambazo mafundi wa meli huchorea mistari juu ya bamba kabla ya kulikata. Zilikuwa zimefunguliwa na kufungwa tena na watu wasiojua kufunga. Mzee alifunua ya kwanza. Kwenye mguu wake, pale ambapo Ctibor husugua mpaka uone kope zako, palikuwa na alama ya kidole. Ilikuwa ya kutu, rangi ya chai iliyokauka kikombeni, imevimba kiasi cha kupoteza mistari yote. Ungejua ni kidole. Usingejua ni cha nani.

Akafunua ya pili, ya tatu. Kote kulikuwa na kidole.

Kisha akaitazama mikono yangu.

Ngoja niseme kwa nini. Ulaini wa kiungo cha bikari haupimwi kwa chombo. Kikikazwa mno, fundi atailazimisha kufunguka na kipimo kitamponyoka. Kikilegea, itafunguka yenyewe anapoigeuza. Unashika miguu miwili kwa vidole vitupu, unafungua polepole, na ngozi inakuambia kama mwendo ni sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tunaita kuonja. Glovu huvifanya vidole kuwa viziwi, kwa hiyo karakana nzima mtu mmoja tu huruhusiwa kugusa chuma kilichokamilika bila glovu, naye sharti awe na mkono mkavu. Maana wako watu ambao jasho lao hula chuma. Si wachafu, si wagonjwa, wamezaliwa hivyo. Huku kwetu huitwa mikono ya kutu, na hupewa kazi ya kushona mifuko ya mahameli au kupaka rangi masanduku. Siku ya kuajiriwa unabandika kidole gumba juu ya kipande cha chuma kilichosuguliwa, kinafungiwa kwenye droo pamoja na kitambaa kibichi, kesho yake kinatolewa. Cha mama yangu kilitoka kinang'aa. Changu pia. Ndivyo nilivyorithi kiti chake cha dirishani, na kila bikari iliyovuka mpaka ilipita kwanza kwenye vidole vyangu.

"Radmila," alisema Mzee, "nani mwingine humu hushika chuma bila glovu?"

"Hakuna."

"Basi nieleweshe."

"Mzee, nikishaonja nafuta kwa spiriti. Nafuta, napaka mafuta, nafunga kwenye karatasi ya nta. Angalia hapa: mafuta yamekatika palepale penye kidole. Mtu alizishika baada ya mafuta. Baada yangu."

"Baada yako kuna misumari na treni."

"Na Vendulka," nikasema.

Vendulka alikuwa pembeni akikata kamba. Kazi yake ilikuwa kupanga vifurushi kwenye kasha na kupigilia kifuniko. Alikuja mwezi wa Septemba kutoka karakana ya Brabec, ng'ambo ya kilima, ambayo nayo hutengeneza bikari na ingefurahi sana kutuona tukizama. Kasha hili lilisafiri Oktoba. Nilishangaa kwamba sikuwa nimeliwaza mapema.

"Shoga," alinijibu bila kuacha kukata, "mimi glovu hata mkate nakula nazo. Wee ndiye unayeshika vitu vitupu kutwa nzima."

Ilikuwa kweli. Anakula na glovu. Ctibor alikuwa akimtania kwamba hata kuoga anaoga nazo. Siku hiyo utani huo ulianza kunikereketa kama mchanga kwenye mafuta.

Mzee alikunja karatasi aliyotumiwa na mnunuzi wetu. "Furlanich anakuja mwenyewe Alhamisi. Anataka aonyeshwe mkono uliofanya hivi. Nisipomwonyesha, anahamia kwa Brabec, na bila Trieste mimi nafunga mlango. Nikimwonyesha, mkono huo unaondoka kabla ya Krismasi. Mkono wowote ule."

Alisema wowote, lakini macho hayakuondoka kwenye mkono wangu. Na mwonjaji akishaitwa mkono wa kutu, bonde zima hakuna karakana itakayompa hata ufagio.

*

Tangu hapo hatukufanya kazi, tulichungana. Mzee alianza kuingia chumba cha kufungia bila kubisha. Alisimama nyuma yangu nikionja, nikamsikia akipumua. Aliinua chupa yangu ya spiriti kwenye mwanga, kama mtu anayedhani imetiwa maji.

"Ulionekana ukiwa na Brabec," aliniambia mara moja, ghafla, huku akigeuza funguo zake mkononi. "Kwenye dansi ya mavuno."

"Alinikanyaga, Mzee. Tukasalimiana."

"Akakuambia nini?"

"Samahani."

"Basi?"

"Mtu akikukanyaga husema samahani, Mzee. Ulitaka aimbe?"

Hakucheka. Na kusema kweli Brabec alikuwa amesema zaidi ya samahani. Aliniambia ana kiti cha dirishani kipana kuliko changu na jiko la makaa karibu na miguu. Nilimjibu kwamba miguu yangu haina baridi. Lakini ungemwambiaje hayo mzee ambaye tayari ameshakuhukumu kwa macho? Kukataa kwangu kungegeuka kuwa ushahidi kwamba niliombwa.

Alipotoka alidondosha zile funguo mlangoni. Ctibor alimwokotea kwa ncha ya glovu, akikunja pua. Zilikuwa za kahawia tupu, zimeliwa meno.

"Mzee, nunua nyingine. Hizi zimefukuliwa makaburini."

"Zinafungua," alijibu Mzee, akazitia mfukoni. Ubahili wake tuliuzoea. Hata saa yake ilikuwa imeacha doa jeusi kwenye kifundo cha mkono, na hakuibadilisha.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa Vendulka. Alichelewa asubuhi, akaingia na mashavu mekundu. Alitoka kabla ya kengele. Akizungumza aliificha mikono nyuma ya aproni. Jumanne, nilipokuwa nikifagia chini ya meza yake, kitu kikang'aa sakafuni. Nilidhani ni kipande cha bati. Kilikuwa gamba la samaki, kubwa kama kifungo cha koti, na bado lilikuwa na utelezi.

Gamba la samaki, katika chumba ambamo haturuhusiwi hata kuingia na chai!

Nikalitia mfukoni, na jioni nikamfuata. Hakwenda kituo cha basi. Alishuka moja kwa moja hadi uwanja wa kanisa, akapita nyuma ya mapipa, akavaa aproni ya mpira, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, nikaiona mikono yake. Alikuwa amevua glovu. Aliingiza mikono hadi viwiko kwenye maji ya barafu, akatoa karpu mnene anayejipinda, akampiga rungu kichwani, akampasua. Vidole vilikuwa vyekundu, vimechanika kwa magamba, vimevimba kwenye viungo. Foleni ya akina mama ilikuwa ndefu. Kila mmoja alitaka wa mkesha wa Krismasi, kila mmoja alitaka mnene kuliko wa jirani.

Nikapanga foleni. Nilipofika mbele, rungu lilibaki hewani.

"Wa kupasua au wa kwenda kuogelea kwenye beseni lako mpaka mkesha?" aliuliza. Sauti yake haikutetemeka, lakini macho yake yaliangalia pande zote kuona kama Mzee yuko nyuma yangu.

"Kumbe ndiyo hii mikono."

"Ndiyo hii. Inalisha mama mgonjwa na mtoto wa dada yangu. Una lingine?"

"Unaloweka mikono kwenye maji ya samaki, kisha asubuhi unashika chuma chetu."

"Na glovu, shoga. Na glovu. Ndiyo maana sizivui, ili huyo mzee wenu asinuse. Alisema siku ya kwanza kabisa: anayefanya kazi nyingine ya majini, aende zake." Alilishusha rungu. "Halafu tumia akili. Kasha lilisafiri Oktoba. Oktoba kuna karpu hapa?"

"Oktoba wanawavua mabwawani. Labda ulikuwa huko."

Akamsukuma karpu aliyepasuliwa pembeni. "Haya. Nenda kamwambie. Nenda sasa hivi, ofisi bado ina taa. Lakini niambie na mimi kitu kimoja. Brabec alipita mezani kwetu kabla sijaondoka kwake, akajigamba kwamba mwonjaji wa Hlavsa anahamia kwake. Alikutaja kwa jina. Nami sijamwambia mtu."

Mama mmoja nyuma yangu alianza kugonga kikapu chake. "Mabinti, mnanunua samaki au mnaoana?"

Niliondoka bila samaki. Ofisi ilikuwa na taa kweli, na zaidi ya hapo, chumba cha kufungia nacho kilikuwa na taa. Niliona kivuli kikipita dirishani, kikainama juu ya meza yangu. Ctibor, nikawaza. Sasa na Ctibor naye! Nikasimama barabarani nikihesabu maadui, nikakosa wa kumtoa. Mpaka nilipofika getini, taa ilikuwa imezimwa.

*

Jumatano Mzee alituita sote watatu. Juu ya meza aliweka vipande vitatu vya chuma vilivyosuguliwa.

"Mtapimwa upya," alisema. "Kama siku ya kuajiriwa. Furlanich atafungua droo pamoja nami."

"Na mimi?" aliuliza Ctibor. "Mimi nashika bikari zikiwa bado moto."

"Na wewe. Na mti wa Krismasi kama una vidole."

Ctibor akabandika gumba. Nami nikabandika langu, nikitamani lingeweza kusema. Vendulka aliganda. Hapo sikuweza kujizuia.

"Mwambie avue glovu, Mzee. Anauza karpu uwanjani. Mikono yake ni ya majini."

Mzee alimgeukia. Vendulka hakunitukana. Alivua glovu moja, taratibu, kidole baada ya kidole, na harufu ya bwawa ikajaa chumba. Alibandika gumba lake lililochanika, akalikandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe.

"Kesho tutajua," alisema, akimtazama Mzee na si mimi. "Halafu nifukuze kwa samaki ukitaka. Lakini kwa kutu usinifukuze."

Mzee aliokota vile vipande kimoja kimoja, kwa vidole viwili pembeni, kama mtu anayebeba picha za marehemu. Akavipanga kwenye droo juu ya kitambaa kibichi, akafunga kwa ule ufunguo wake wa makaburini, akaondoka nao.

*

Bwana Ezio Furlanich alifika na koti la manyoya shingoni na paketi ya kahawa, kama kila mwaka. Lugha yetu aliiongea kwa kasi na bila aibu, akiruka maneno yaliyomshinda.

"Wanangu! Baridi hii mnaipenda au mmelazimishwa?" Hakungoja jibu. Alivua glovu zake za ngozi, akaketi. "Otmar, mimi na wewe tumetoka mbali. Nilimpelekea mkuu wa bandari bikari zako. Akanirudishia. Akaniuliza kama nimeziokota baharini. Mbele ya watu! Sasa fungua."

Mzee alifungua droo. Tukainama wote, vichwa vikigongana.

Gumba la Ctibor: safi. Gumba langu: safi, chuma kinang'aa kama jana. Nikageukia la Vendulka kwa pupa, na moyo wangu, sitaficha, ulikuwa ukiomba doa.

Safi.

Vendulka alitoa pumzi. Mzee alipiga meza.

"Mtu amepaka chokaa! Wanajua hila hiyo. Unapaka vidole chokaa kabla ya kupimwa." Uso wake ulikuwa umepanda damu. "Haidhuru. Tufikiri kama watu wazima. Chuma kitupu hushikwa na mtu mmoja tu. Mtu huyohuyo ameonekana akiwa na Brabec. Radmila, vua aproni."

Nilisikia maneno, lakini mikono yangu haikuelewa. Ni Ctibor aliyesema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mzee, usifanye hivyo. Mama yake alikaa kiti kile."

"Ndiyo maana inauma. Vua."

Nikaanza kufungua fundo mgongoni. Halikufunguka. Furlanich, ambaye alichoka kutusikiliza, alikuwa amechukua kipande kimoja kwa leso yake na kukipeleka dirishani. Akakigeuza. Akarudi, akachukua cha pili. Kisha cha tatu.

"Otmar," alisema, "hawa watu wako watatu wana kidole kimoja?"

"Unasema nini?"

"Hapa juu, safi. Sawa. Lakini hapa pembeni." Alivipanga mezani vikisimama. Kwenye ukingo wa kila kimoja, kushoto na kulia, palikuwa na doa dogo la kahawia. Mahali palepale, ukubwa uleule, kwenye vyote vitatu. "Huyu amegusa chuma cha kila mmoja. Nani?"

"Aliyevibeba ni..." alianza Ctibor. Akafunga mdomo.

Hakukuwa na haja amalizie. Sote tulikuwa tukiutazama ule ufunguo, kahawia, umeliwa meno, ukiwa katikati ya vidole viwili vya Mzee Otmar Hlavsa. Naye akautazama. Akatazama saa yake na lile doa jeusi. Nilimwona akizeeka mbele yetu.

"Baba alinitoa kwenye benchi nikiwa kijana, kwa sababu ya mikono hii," alisema hatimaye. "Alinipeleka kwenye biashara, nikauze huko nje. Nilidhani uzee umeikausha. Hukauka, wanasema."

"Na ndani ya kasha vidole vyako vilifikaje?" niliuliza. Sauti yangu ilinitisha.

Hakunitazama. "Nilisikia unahamia kwa Brabec. Nikawaza, anayehama hulegeza kazi. Labda analegeza viungo makusudi ili Trieste watuchoke. Basi mlipoondoka nikafungua vifurushi. Nikaonja mwenyewe, moja moja."

"Ukakuta nini?"

"Sikukuta kitu. Vilikuwa sawa vyote. Nikafuta kwa leso, nikafunga tena."

"Leso ya mfukoni mwako, zilimo zile funguo?" aliuliza Vendulka.

Ctibor aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Sikujua kama alikuwa akicheka au la.

"Na juzi?" nikauliza. "Taa ilikuwa inawaka humu. Kulikuwa na mtu kwenye meza yangu."

Macho yake yalikwenda mlangoni. Kasha jipya, lililokuwa limesimama mlangoni likisubiri treni, lilikuwa na vifurushi nilivyovifunga Jumatatu; navyo alikuwa amevionja.

Furlanich alivaa glovu zake polepole. "Nilitaka nionyeshwe mkono. Nimeonyeshwa. Ulisema mkono huo utaondoka kabla ya Krismasi, Otmar. Uliniandikia hivyo."

"Nyumba ni yangu," alisema Mzee.

"Nyumba ndiyo. Chumba hiki sicho. Mimi nitanunua kutoka chumba hiki kama wewe huingii. Siku nikipata kidole kingine, nafika kwa Brabec kabla ya chakula cha mchana." Akanigeukia. "Na wewe binti, nijibu bila kuzunguka. Unahamia kwa Brabec?"

Wote walinitazama. Ningeweza kusema hapana tangu mwanzo, siku ile ya funguo, na labda kasha jipya lisingeguswa. Labda pia lingeguswa vilevile, maana mtu anayetaka kushuku hulishuku hata jibu.

"Aliniita," nikasema. "Nilikataa mwezi wa Septemba. Leo akiniita sijui."

Mzee alipokea maneno hayo kama kofi alilolitarajia. Alichomoa ufunguo wa chumba cha kufungia kutoka kwenye shada lake la funguo za kahawia, akaunyoosha kwangu. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho.

Sikuupokea. Nilimwonyesha meza, akauweka pale, akapanda ngazi kwenda ofisini, na Furlanich akamfuata na kahawa yake.

Tulibaki watatu na kasha jipya. Ctibor alitafuta nyundo kung'oa misumari. Kila kifurushi kilipaswa kufunguliwa, kufutwa, kupakwa mafuta upya, na treni ilikuwa ya jioni. Vendulka alivaa glovu zake, akavuta kiti karibu na changu. Alipanga karatasi za nta bila kuniangalia.

"Nilikusema mbele yake," nikasema.

"Nilikusikia. Sina uziwi, nina harufu tu." Akalainisha karatasi kwa kiganja. "Nitakuwekea samaki. Mwembamba. Mnene hukustahili."

Nikaumwagia ule ufunguo spiriti, nikaufuta pande zote, nikaurudia mara nyingine tena. Kisha nikaukunja kwenye karatasi ya nta kama bikari, na ndipo nikautia mfukoni.